Marehemu Anakula Mara Mbili kwa Siku

Ghati alimdanganya yule msichana siku ya pili tu, kabla hata chai haijapoa. Alimdanganya vizuri, kwa uso wa kanisani, mikono juu ya magoti.

"Jina la mkuu wa kaya?" Efrazia aliuliza, kalamu mkononi.

"Waitara."

"Umri wake?"

"Thelathini na mmoja."

"Kazi?"

"Mchimbaji."

"Kwa siku anakula mara ngapi?"

Ghati akawaza kidogo. Waitara alikuwa mlaji. "Mara mbili," akasema. "Mara tatu tukiwa na maziwa."

"Na yuko wapi saa hizi, nimsalimie?"

"Yuko shimoni," akasema Ghati, na hapo hakudanganya.

Alikuwa shimoni mwaka wa tatu sasa, yeye na wenzake, chini ya mchanga uliomwagwa na trekta. Pale Kerende shimo la wachimbaji wadogo huitwa duara, na duara lile lilikuwa la Machage, mtu mnene mwenye sauti nyembamba na viatu visivyopata vumbi. Dhahabu ilipopanda bei, watu walimiminika kutoka Geita, kutoka Migori, wengine hata hawakusema walikotoka, na kila mwenye kipande cha kilima akageuka mwenye duara. La Machage liliporomoka siku ya tatu ya mvua, saa nne asubuhi. Wakatolewa watu watatu, wakazikwa, wakaandikwa. Kisha Machage akalifukia akasema basi, waliokuwa ndani ni hao watatu, kwa sababu daftari la zamu lina majina matatu. Daftari aliliandika mwenyewe, jioni ya siku ile ile, na waliolishika wanasema wino uliwapaka vidole.

Mama na wake wa wale kumi na tisa waliobaki walisimama ukingoni wakitaja majina mpaka sauti zikakauka. Walikwenda ofisi moja wakaambiwa jina si ushahidi, leteni mwili. Walikwenda ofisi nyingine wakaambiwa labda vijana wamevuka kwenda Kenya.

"Inawezekana," Ghati alimwambia karani wa huko. "Wamepita kwa chini. Wakitokea Kenya utatuambia."

Karani hakucheka. Wala Ghati hakuwa amecheka.

Tangu hapo hakunyoa. Kwao mama akizika mtoto hunyolewa kichwa siku ya kumaliza matanga. Yeye hakuzika, matanga hayakuanza, sasa anyoe nini? Nywele zikaota nyeupe, zikafumka, akawa kama mtu aliyebeba mzigo wa pamba. Na uani, karibu na zizi, palikuwa na kipande cha ardhi cha urefu wa mtu aliyelala, ambacho hakupanda hata boga. Efrazia siku aliyofika alianika nguo zake hapo. Ghati alizianua moja moja akazitundika kwenye waya.

Sasa mtu atauliza, msichana mpole kama huyo, mgeni, amekuja na adabu zake na begi lake, kwa nini adanganywe? Kerende walikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuja na soda. Kabla ya duara, Machage aliita mkutano wa maendeleo, akagawa soda baridi kabisa, na karatasi ya mahudhurio ikapitishwa. Watu wakatia sahihi, wengine mara mbili kwa uchangamfu. Miezi sita baadaye karatasi ile ikatokea barazani imebanwa pini pamoja na ukurasa mwingine juu yake, na ukurasa huo ukasema kwamba hao wote wamekubali kwa hiari yao kuacha mashamba ya kilimani. Ndivyo kilima kilivyopata duara. Tangu siku hiyo, mtu wa Kerende ukimwonyesha karatasi, macho yake yanakwenda kwanza kwenye pini.

Kwa hiyo Efrazia alipotoka tu kwenda kuoga, Ghati alivuka ua mpaka kwa Boke, jirani yake, aliyefiwa na mumewe Nyamhanga katika duara lile lile.

"Mgeni wangu atakuja kwako kesho na fomu," akamwambia. "Atataka jina na dole gumba. Mpe Nyamhanga."

"Nyamhanga si amekufa?"

"Ndiyo maana. Huyo hawawezi kumhamisha tena."

Boke alitazama chini, kisha akacheka kwa pua. Kufikia mwisho wa wiki maneno yalikuwa yamezunguka kijiji kizima, na Efrazia alishangaa jinsi watu walivyokuwa wepesi kushirikiana. Kila nyumba aliyoingia alipewa kigoda, maziwa ya mgando, na jina la marehemu.

Si kila nyumba ilikuwa na mtu wa duara. Wasiokuwa naye walitoa waliyenaye. Mzee Rubeni, ambaye alitaka kuwa na uhakika zaidi ya wengine, alimtoa babu yake.

"Umri?" akauliza Efrazia.

"Mia na ishirini," akasema Rubeni kwa Kikurya, maana hakupenda kudanganya katika mambo ya umri.

Ghati, ambaye alikuwa mkalimani siku hiyo, akakohoa. "Anasema hamsini na miwili."

*

Jioni walikaa jikoni wakipukuchua mahindi. Efrazia alikuwa mtoto wa Ringwani kule Serengeti, binti wa Selestine, mkulima wa mtama ambaye hajawahi kuona chuo kikuu hata kwenye kalenda. Alijua kusonga ugali, na sufuria aliikwangua mpaka chini. Ghati alimpenda kwa hilo la kukwangua.

"Sasa hebu nieleze, mwanangu. Nani amekutuma?"

"Ni ufadhili wa utafiti wa sera, bibi. Kila mwaka wanachagua wanafunzi kumi na wawili nchi nzima, wanaosomea udaktari wa falsafa. Tuliomba mia tatu na zaidi. Wanakupa miezi sita ukae na watu, uulize, halafu uandike ushauri. Ushauri unakwenda kwa wanaotunga sera."

"Sera ndiyo nini?"

"Ni yale serikali inayokusudia kufanya, kabla ya kufanya."

"Kumbe huwa inakusudia kwanza!" Ghati alitupa gunzi motoni. "Sisi huku tunaona gari tu limefika. Na wewe wanakulipa kwa kuuliza?"

"Wananilipa kidogo, ndiyo. Na nisipomaliza, wanakata. Nikikatwa, masomo yamekwisha. Baba ameuza ng'ombe wote, bibi, hana wa kuuza tena."

"Mimi nimeuliza miaka mitatu bure," akasema Ghati. "Ningejua kuna mshahara."

Efrazia akacheka, hakuuliza Ghati alikuwa akiuliza nini. Hapo ndipo Ghati alipomwona kuwa ni mtoto bado, pamoja na vitabu vyote.

"Na haya majina unayoandika, yanakwenda wapi?"

"Kwenye kitabu hayataonekana. Lakini fomu zenyewe zinahifadhiwa chuoni, kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Miaka na miaka."

Ghati aliacha kupukuchua. Kabati la chuma. Aliliona kama lilivyo, la kijani, limesimama katika chumba chenye zulia, na ndani yake Waitara amelala kwenye karatasi safi, hanyeshewi. Hakuna ofisi iliyokuwa imekubali kuliandika jina lile, hata kwa penseli. Mtu aliyekosa kaburi, kupata kabati si haba.

"Lina mchwa?" akauliza.

"Kabati? Hapana, bibi."

"Basi vizuri."

Asubuhi alimwendea Boke akamweleza habari za kabati. Boke alijifuta macho kwa kanga, akamwendea mwenzake, mwenzake naye akaenda kwa mwingine. Wakaanza kumfuata Efrazia njiani. Huyu anataka fomu yake iongezwe kwamba mwanawe alikuwa fundi wa baiskeli, yule anataka iandikwe kwamba mumewe hakuwa mlevi, watu walimsingizia. Efrazia akawa anaandika, anaandika, pembeni mwa ukurasa, mpaka mkono ukamuuma. Alimwandikia baba yake barua kwamba hajaona watu wanaowapenda waume na watoto wao kama watu wa Kerende.

Ghati ndiye aliyeipeleka barua hiyo kwa mwenye bodaboda, mbichi bado, haijafungwa. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Aliposoma hapo, akataka kurudi aseme. Akalifikiria kabati. Akailamba bahasha akaifunga.

*

Mwezi wa tano wa Efrazia pale kijijini aliwasili Dokta Kornelio, mratibu wa ufadhili, kwa gari jeupe. Alikuwa mtu mzima, mwenye haraka, na kazi yake ilikuwa kuhakiki: wanafunzi wengine waliwahi kujaza fomu wakiwa gesti, bila kuona mtu hata mmoja. Katika fomu arobaini atachagua tano, aitiwe watu wenyewe, awaone kwa macho, atie tiki, aondoke.

Walikusanyika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa amesafiri, kwa hiyo aliyempokea mgeni ni Machage, kwa sababu ndiye mwenye viti.

Dokta Kornelio akafumba macho, akachomoa fomu tano kama mtu anayecheza karata.

"Waitara wa nyumba ya Ghati."

Watu wote walitazama miguu yao. Ghati, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango, alisikia jina lile likitajwa kwa sauti kubwa ndani ya ofisi kwa mara ya kwanza, na badala ya kuogopa kwanza alifurahi. Halafu akaogopa.

"Waitara hayupo? Haya. Nyamhanga."

Boke alijifunika kanga mpaka puani.

Dokta akamgeukia Efrazia. "Binti, watu wako wako wapi?"

"Wako kazini, Dokta," akasema Efrazia, jasho limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Ni wachimbaji. Asubuhi huwa..."

"Uliwaona wewe mwenyewe?"

"Niliongea na familia zao. Kila nyumba wameniambia yuko shimoni."

"Hukumwona hata mmoja." Dokta alianza kuzirudisha fomu ndani ya faili, polepole, kama mtu anayefunika chakula kilichoharibika.

Ndipo Machage alipoomba kuona. Aliipokea fomu ya juu, akaisoma. Akaisoma ya pili. Ghati alimtazama usoni, maana huyo mtu yeye alimjua tangu alipokuwa mwizi wa kuku, na akaona kitu kikimpanda Machage taratibu kutoka shingoni kwenda mashavuni. Kilikuwa furaha.

"Lakini Dokta, mbona hawa wote wapo?" akasema Machage kwa ile sauti yake nyembamba. "Waitara nimemwona asubuhi hii hii. Nyamhanga ananidai shoka. Vijana wazuri sana."

"Unawafahamu?"

"Kabisa! Walikuwa wafanyakazi wangu. Nathibitisha mbele ya watu wote hawa. Au kuna anayebisha?" Akawazungushia macho. "Mama Boke, nimekosea?"

Mtoto pekee aliyebaki kwa Boke alikuwa akisaga mawe kwenye karasha ya Machage, siku sita kwa wiki. Boke aliivuta kanga mpaka machoni.

"Bibi Ghati?"

Ghati alitazama fomu iliyokuwa mkononi mwa Machage. Ilikuwa na dole lake mwenyewe, la buluu, chini ya jina la mwanawe.

"Unasema wewe," akajibu.

Dokta Kornelio akatia tiki tano. Efrazia akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Ombi dogo tu, Dokta," Machage akaendelea. "Kuna watu wamenipaka matope muda mrefu, eti hawa vijana walikufa kwangu. Sasa hapa naona mwaka huu wameulizwa, wamejibu, wanakula mara mbili kwa siku. Kijiji kingependa nakala, itiwe muhuri, iwekwe ofisini. Ifunge mdomo wa uongo."

"Hilo halina ubaya," akasema Dokta Kornelio, akitazama saa yake. "Utaratibu unaruhusu kijiji kipate nakala. Nalala Tarime leo. Efrazia, kesho saa tatu napita kuchukua fomu zote, tunatoa nakala, ya kijiji nitamkabidhi mheshimiwa huyu."

*

Ghati alitembea kurudi nyumbani kwa haraka, Efrazia nyuma yake akiruka mashimo, akiongea kwa furaha.

"Bibi, uliona? Nilidhani nimekwisha! Yule mzee ameniokoa. Lakini huyu Waitara wako, miezi mitano unaniambia analala huko huko shimoni, leo lazima nimwone, hata kama atarudi usiku."

Ghati aliendelea kutembea mpaka walipofika uani. Akasimama karibu na zizi.

"Mwone basi," akasema. "Hapa ndipo angelala kama tungempata. Siku ile ulimwanikia gauni."

Akamweleza yote, amesimama, bila kupamba: duara, mchanga, daftari la zamu, soda, pini. Efrazia alikaa chini pale pale penye mavi ya ng'ombe.

"Wangapi, bibi?"

"Marehemu ni wote arobaini. Wa duara ni kumi na tisa. Wengine ni wa homa na uzee. Yule babu yake Rubeni sijui, nasikia ni simba."

"Na majibu?"

"Majibu ni ya kweli. Njaa ni yetu, watoto ni wetu, zebaki tunayooshea mawe kwa mikono ni yetu. Majina tu ndiyo ya watu waliopumzika."

Efrazia alianza kucheka, kicheko kibaya, kisha kikakatika. Akamtazama Ghati.

"Kwa hiyo kesho Machage akipata nakala..."

"Kesho itakuwa hakuna aliyekufa. Itakuwa na muhuri wa chuo kikuu." Ghati alivuta kigoda kwa mguu, akakaa. "Miaka mitatu Machage ametafuta karatasi ya kusema hivyo, hakuipata. Mimi nimemwandikia kwa siku moja. Tena nikamwongezea maziwa."

Ng'ombe mmoja aliyebaki alitafuna kitu chake. Ghati alitaka kusema choma, na hakuweza kusema, kwa sababu hakuwa na haki. Zile fomu zilikuwa miezi mitano ya mtoto wa watu, zilikuwa ng'ombe wa Selestine. Na tena, ajisemee ukweli angalau huku kwenye zizi, hakutaka zichomwe. Duniani kote karatasi yenye jina la Waitara ilikuwa moja.

"Nikinyamaza," Efrazia alisema akitazama mikono yake, "ufadhili unaendelea. Dokta ameshatia tiki."

"Ndiyo."

"Nikisema, wamenikata."

"Ndiyo, mwanangu."

Efrazia aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo muda ambao Ghati aliuona mrefu kuliko ule wa ukingoni mwa duara. Alipotoka alikuwa na faili lote kifuani.

"Jiko lina moto?" akauliza.

Walichoma mchana kweupe, birika likiwa juu ya mafiga ili apitaye adhani ni chai. Efrazia alisoma kila jina kabla ya kuliachia. Alisoma polepole, kwa sauti ya shule, na kila jina Ghati aliitikia, "Huyo namjua." Kwa babu yake Rubeni alisema, "Huyo simjui, lakini apite."

Ya Waitara ilibaki mwisho. Ghati aliiomba mkononi. Akaisoma mwenyewe, kwa kidole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa darasa la pili. Kazi: mchimbaji. Anakula mara mbili kwa siku, mara tatu wakiwa na maziwa. Miaka mitatu kila alipomwota mwanawe alimwota ana njaa, anagonga ukuta. Katika karatasi hii alikuwa anakula. Asubuhi anakula, jioni anakula, kila siku, bila kukosa, na angeendelea hivyo ndani ya kabati la chuma hata baada ya yeye Ghati kuondoka.

"Bibi, kama huwezi..."

"Nyamaza kidogo."

Akaiweka motoni kwa mkono wake. Fomu arobaini, na birika halikuchemka hata kidogo.

Moto ulipotulia akasema, "Sasa chukua karatasi nyingine. Andika amekufa."

"Nitaandika, bibi. Lakini bila mtu wa kuthibitisha ni maneno yangu tu. Atakayetia dole ni nani?"

"Mimi."

"Kwa jina lipi?"

Ghati alimtazama kama aliyetukanwa, kisha akakubali kwamba swali lilikuwa halali. "Langu. Ghati binti Wambura. Andika na kwamba niko hai, wasije wakachanganya."

Efrazia akaandika: siku ya duara, saa, mvua, trekta, na majina kumi na tisa. Wakaizungusha karatasi nyumba kwa nyumba, jua lingali juu. Ghati aliitanguliza pembe iliyokuwa wazi, ili kila mtu aone haina pini.

Boke aliisoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye jina la Nyamhanga aligusa hapo, akairudisha.

"Nina mtoto kwenye karasha, Ghati."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyetuambia tusitoe majina yetu."

"Najua, Boke. Nilikuwa na akili siku ile."

Hakuna aliyetia. Rubeni alijitolea kumtia babu yake. Waliporudi nyumbani karatasi ilikuwa na dole moja tu, la buluu, lililokaa peke yake chini ya majina kumi na tisa. Efrazia akainakili mara ya pili, na Ghati akatia dole tena.

Saa tatu asubuhi gari jeupe likasimama. Dokta Kornelio alisikiliza akiwa amesimama, mlango wa gari uko wazi.

"Umechoma fomu za utafiti," akasema.

"Ndiyo, Dokta."

"Na unanipa hii badala yake." Aliisoma ile karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Aliisoma yote, na alipomaliza akavua miwani akaifuta. "Efrazia, mada yako ilikuwa riziki za kaya. Ufadhili huu hauhesabu maiti. Nikirudi na hii wataniuliza fomu ziko wapi. Nitasema nini?"

"Sema zimeungua," akadakia Ghati. "Ni kweli."

Dokta hakucheka. Alimpa Efrazia nusu saa afunge begi. Wote watatu walijua kwamba masomo yamekwisha. Efrazia alipopiga magoti kuaga, Ghati alimwinua kwa kwapa.

"Utamwambia nini baba yako?"

"Sijui, bibi. Nakala moja nitapita nayo Tarime. Nitaizungusha ofisi kwa ofisi, mmoja akiigonga muhuri, hata kwa bahati mbaya, nitakujulisha."

"Usinywe soda yao," akasema Ghati.

Gari lilipopotea, alimwita Boke. "Lete wembe."

Boke alielewa. Alimkalisha karibu na kile kipande cha ardhi, akamlowesha kichwa, akamnyoa bila haraka, na nywele nyeupe zikaanguka pale pasipopandwa kitu. Wanawake wengine walikuja, wakakaa chini. Mmoja akaanza kulia kwa sauti, ile sauti ya msiba yenyewe, na wengine wakampokea. Ilikuwa imechelewa miaka mitatu lakini ilikuwa bado na nguvu.

*

Siku ya kumi na mbili Boke alikuja mbio kabla ya saa sita. Alisema Efrazia amepiga simu kwa mwenye bodaboda: ofisi moja Tarime imeipokea karatasi, wameigonga muhuri, wameuliza huyo Ghati ni nani.

Ghati alikuwa anachambua mboga. "Nani mwingine amesikia?"

Boke hakuhitaji kujibu, maana pikipiki mbili zilikuwa zinapanda njia ya zizi. Wanaume wanne, hakuna aliyewafahamu, mmoja amevaa miwani ya jua. Nyuma yao, mbali, chini ya kilima, gari la Machage lilikuwa limesimama na halikuzimwa.

Ghati akatazama mlango wa nyumba, kisha shamba la mihogo, kisha akaendelea na mboga zake.

"Shikamoo," akasema mwenye miwani, akizungusha macho uani. Aliwaona wanawake wawili, mmoja wa makamo, mwingine kizee mwenye upara. "Tunamtafuta Ghati binti Wambura. Bibi mmoja mwenye nywele nyingi nyeupe."

Boke alisimama mbele ya Ghati kabla hata ya kufikiri. Sauti yake ilitetemeka lakini ilitoka. "Ghati amekufa. Mwaka jana. Homa."

Mwanamume yule akamtazama Boke. Akatazama ile ardhi karibu na zizi, ambapo nywele zilikuwa bado hazijapeperuka zote.

"Kaburi ndilo hilo?"

"Ndilo."

Wanaume walitazamana. Mmoja alishaanza kugeuza pikipiki. Ingekuwa rahisi. Karatasi ile ingekuwa imetiwa dole na marehemu, kama zile arobaini, na Machage angecheka mpaka jioni.

Ghati aliweka ungo chini, akajikung'uta majani kwenye magoti, akainuka kwa kushika bega la Boke.

"Marahaba," akasema. "Kaburi hilo ni la mwanangu, na yeye hayumo. Ghati ni mimi."